Kidato cha Bibi: ngazi ya mzunguko iliyojengwa mara mbili

Kazi hii niliisimamia mwenyewe, na makosa matatu kati ya yatakayosomwa hapa chini ni yangu. Mji, majina na alama zinazoweza kumtambulisha mwenye nyumba au mafundi nimeziondoa. Vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa, maana bila vipimo kisa chenyewe hakifundishi kitu.

## Nyumba na shida yake

Nyumba iko katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka baharini. Chini wanaishi wenyewe: baba mwenye nyumba, mkewe, watoto, na mama yake mzazi, ambaye kila mtu pale, mafundi nao, alimwita Bibi. Juu kuna vyumba viwili vya kupangisha wageni, na mbele ya vyumba hivyo roshani ya mbao inayotazama mashariki. Mtu wa vyomboni angeiita sitaha, na asingekosea sana, kwa sababu aliyeijenga miaka ya nyuma alikuwa fundi wa majahazi.

Ngazi ilikuwa moja tu, ndani. Mgeni akitaka kwenda chumbani kwake, anapita sebuleni, mbele ya luninga na mbele ya mkeka wa Bibi. Akirudi saa sita usiku, lazima mtu aamke kumfungulia. Wanawake wa nyumba walikuwa wakikaa na mitandio kichwani mchana kutwa ndani ya nyumba yao wenyewe, kwa kutojua nani atatokea ngazini. Mwenye nyumba aliponiita alisema maneno machache: "Nataka wageni wapite nje. Ndani pabaki petu."

Nafasi ilikuwa finyu. Kutoka ukingo wa roshani hadi ukuta wa uzio ni mita 2.4. Upande wa kulia lilisimama tangi la maji la lita 5,000 juu ya jukwaa la matofali. Upande wa kushoto ni mifuniko ya shimo la maji taka, ambayo haiwezi kujengewa kwa sababu gari la kunyonya linafika hapo. Sakafu ya roshani iko sentimita 288 juu ya ardhi.

Ngazi ya kunyooka yenye vidato 15 vya kukanyagia sentimita 28 kila kimoja inataka urefu wa mita 4.2, kabla hujahesabu pa kusimama chini na juu. Haikuingia. Mwenye nyumba akanionyesha picha kwenye simu, ngazi ya chuma iliyojikunja kama ganda la konokono, aliiona hotelini. Ikishatajwa ngazi ya mzunguko mbele ya mwenye nyumba, huwa vigumu kumrudisha kwenye kitu kingine. Mimi sikujaribu hata kumrudisha.

## Mchoro wa kwanza

Nilichora duara la kipenyo cha sentimita 160, nguzo ya bomba la inchi 4 katikati, na kila kidato kikichukua nyuzi 30, yaani vidato 12 vinafunga mzunguko mmoja kamili. Kwa kipenyo hicho, ukishatoa nguzo na mkono wa kushikia, mtu anabaki na kama sentimita 69 za kupita. Sentimita 30 kutoka kwenye nguzo, kidato kina upana wa kukanyagia usiofika sentimita 19. Huko ukingoni nje kinafika 42. Ndiyo tabia ya ngazi hizi: ndani hakuna pa kuweka mguu, nje kuna uwanja.

Juu kabisa, badala ya kidato, panawekwa kituo, sakafu ndogo ya kuvukia kuingia roshani. Nilikipa nyuzi 90, nafasi ya vidato vitatu, ili mtu mwenye mzigo apate pa kugeukia.

Likabaki swali la kimo cha kidato. Hapo Bibi akaingia. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, akasikia tunabishana namba. Fundi wa kuchomelea akamwamkia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hicho mnachokijenga, na mimi nitapanda?"

"Utapanda, Bibi. Kwa raha kabisa."

"Haya. Mwenzenu nina magoti. Msinijengee ngazi ya popo."

Kauli hiyo ndiyo iliyoamua kimo cha kidato. Fundi akapendekeza sentimita 18, kimo ambacho mzee anakimudu, na mwenye nyumba akakubali papo hapo kwa heshima ya mama yake. Hesabu nayo ikatubariki: 288 ukiigawa kwa 18 unapata 16 kamili, bila hata nukta. Vidato 15 na kituo ni cha 16. Mzunguko mmoja na robo, na kidato cha kwanza kinaangalia moja kwa moja njia ya kutoka getini. Kila kitu kilikaa vizuri mno, na nadhani huo uzuri ndio uliotulaza. Nilikuwa nimeichora ngazi ikitazamwa kutoka juu tu. Sikuichora hata mara moja kwa ubavu.

## Siku ya kusimamisha

Fundi aliijenga karakanani kwake, kila kidato kikichomelewa moja kwa moja kwenye nguzo. Ikaletwa kwa kirikuu, nusu yake ikining'inia nje na kitambaa chekundu kimefungwa mwishoni. Watu sita waliisimamisha, timazi ikapigwa, ikakaa wima. Ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo.

Kijana wa nyumba, mrefu wa sentimita 178, ndiye aliyepanda kwanza. Kidato cha kwanza, cha pili, hadi cha tano hakukuwa na neno. Alipoweka mguu kwenye cha sita ukasikika mlio wa bati na kichwa. Alikuwa amegonga sehemu ya chini ya kituo. Akacheka, akainama, akapita, akafika juu. Kisha akaanza kushuka, na safari hii ilikuwa mbaya zaidi: kutoka kidato cha saba kwenda cha sita, ukingo wa kituo ulikuwa mbele ya uso wake. Alisimama hapo ameshika mdomo kwa kiganja.

Nilichukua tepu. Kutoka kidato cha sita hadi chini ya kituo: sentimita 172.

Hesabu yake ni nyepesi kiasi cha kutia aibu. Kituo cha nyuzi 90 kimekaa juu ya vidato vitatu vya mzunguko wa chini. Cha juu kati ya hivyo vitatu kiko vimo 10 chini ya kituo, si 12. Kumi mara 18 ni 180. Toa sentimita 8 za unene wa kituo na fremu yake, unabaki na 172. Mtu akizunguka nyuzi 360 anarudi chini ya mahali alipokuwa, na kadiri kila kidato kinavyokuwa kifupi ndivyo anavyorudi akiwa amepanda kidogo. Kwenye ngazi ya kunyooka, kupunguza kimo cha kidato kunakula urefu wa uwanja. Kwenye ya mzunguko kunakula nafasi ya kichwa. Tuliyapunguzia magoti ya Bibi tukamgonga mjukuu wake.

## Tulivyochagua upya

Jioni ile tulikaa watatu, mimi, fundi na mwenye nyumba, tukaweka mezani njia zilizobaki. Sikuwa na kanuni ya karibu inayozungumzia ngazi za aina hii, nikachukua ya makazi ya Marekani kama kipimo cha kulinganishia: nafasi ya kichwa isipungue sentimita 198, upana wa kupita usipungue 66, na kimo cha kidato kisizidi 24.1.

Njia ya kwanza ilikuwa kukibana kituo kutoka nyuzi 90 hadi 60. Vimo vinakuwa 11 badala ya 10, nafasi ya kichwa inapanda hadi 190, na hakuna kidato kinachoguswa. Fundi aliipenda kwa sababu ilikuwa kazi ya nusu siku. Niliikataa. Pale juu ndipo mgeni anapogeuka na sanduku huku mlango mdogo wa roshani ukifunguliwa, na 190 bado ni pungufu.

Ya pili, kupunguza kidato kimoja tu. Vimo 15 vya sentimita 19.2, kichwa kinapata 184. Kijana angepita, lakini mgeni mrefu kidogo kuliko yeye angeumia, na wageni wenyewe wengi wao ni warefu.

Ya tatu, vimo 14 vya sentimita 20.6. Kichwa kinapata 198 kasoro milimita chache. Ya nne, vimo 13 vya sentimita 22.2, kichwa 213. Lakini kidato hicho ni kama kupanda kitanda, na mwanzo wa ngazi ungegeuka robo mzunguko mzima ukatazama ukuta.

Jambo hilo la mwisho mafundi wengi hulisahau. Juu pamefungwa na roshani, hapasogei. Ukiongeza au kupunguza kidato, kinachosogea ni mwanzo wa ngazi kule chini. Kwa vimo 14 ngazi ina vidato 13, nyuzi 390, na kidato cha kwanza kilisogea nyuzi 60 kutoka pale tulipopataka. Sasa kilielekea upande wa tangi la maji, pamebaki sentimita 75 kati yake na jukwaa la matofali. Mtu anapita. Mtu na mizigo yake, hilo ni suala jingine, tutalifikia.

Tulichagua 14. Mwenye nyumba alikwenda mwenyewe kumwambia mama yake kwamba vidato vitakuwa virefu kuliko alivyoahidiwa. Alirudi akasema Bibi amejibu kwamba yeye tangu aone ule mchoro hakuwa na nia ya kupanda; aliuliza tu kwa sababu mafundi walikuwa wanapiga kelele.

## Ujenzi wa pili

Vidato vya kwanza vilikatwa na grinda. Nguzo ilibaki na makovu kila upande, ikawa haifai tena. Vidato vyenyewe, bamba la milimita 4 lenye vinundu vya kuzuia kuteleza juu ya fremu ya engo (chuma cha umbo la L), viliokolewa 13 kati ya 15.

Safari hii nilikataa kitu chochote kuchomelewa kwenye nguzo kabla ya kujaribiwa. Tulifanya hivi: kila kidato kilichomelewa kwenye kipande chake cha bomba la inchi 4, na vipande hivyo vikavishwa, kimoja juu ya kingine, kwenye bomba jembamba zaidi lililosimama kwenye msingi. Kama shanga kwenye uzi. Ukishavivisha vyote unaweza kuvizungusha kwa mkono mpaka kila kimoja kikae kwenye alama yake, ukapanda ukashuka, ukaridhika, ndipo unapovifunga.

Kuna mtego humo. Vipande ni 14 pamoja na cha kituo. Kila kimoja kikizidi milimita 2 tu, juu kabisa umekosea karibu sentimita 3, na kituo hakilingani na roshani. Kwa hiyo tulikata vyote milimita 205, vifupi kidogo kuliko inavyotakiwa, na ile sentimita moja iliyobaki tukaijaza kwa washa nyembamba, pete bapa za chuma, tukizigawa ngazi nzima. Kimo kilitoka sawa kila mahali. Ulinganifu huu haujadiliwi, kwa sababu mguu hujifunza kimo cha kidato kwenye hatua mbili za kwanza, kuanzia hapo unatembea kwa mazoea. Kidato kimoja kikitofautiana na wenzake ndicho kinachoangusha watu.

Kabla ya kukata chochote tulichora duara zima sakafuni kwa chaki, kipimo halisi, uani kwa fundi. Vidato vyote vikapewa namba. Juu ya namba 2, 3 na 4 tukashikilia ubao kwenye kimo cha kituo, na kijana wa watu akaitwa kusimama juu ya matofali yaliyopangwa kwa kimo cha kidato cha nne. Alikuja na kofia ya pikipiki. Zoezi lote lilichukua saa moja na nusu. Lingefanyika mara ya kwanza, kisa hiki kisingekuwapo.

Upande wa roshani ulitushtua kwa njia yake. Ngazi ya aina hii hubebwa na nguzo, lakini bila kufungwa juu inacheza kama mnazi. Kituo kilitakiwa kufungwa kwa bolti nne kwenye boriti ya ukingoni. Boriti ni ya mninga, kwa macho haina ila. Nikaigusa kwa bisibisi karibu na kiungio cha nguzo ya kinga, bisibisi ikazama mpaka mpini. Maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwenye tundu la msumari miaka yote hiyo, nje pamepakwa vanishi, ndani ni unga. Tulibadilisha mita mbili za boriti na kazi ikasogea wiki nzima. Bolti zilipitishwa upande hadi upande na bamba la chuma nyuma ya mbao, na kati ya chuma na mbao tukaacha upenyo kwa washa nene ili maji yapite yasilale.

Vyuma vya kinga viliwekwa vinne kwa kila kidato, upenyo ukabaki chini ya sentimita 10. Fundi alitaka viwili, kama alivyozoea. Na nafasi iliyo wazi kati ya kidato na kidato, ambayo ingepitisha kichwa cha mtoto, tuliipunguza kwa kuchomelea fletiba (chuma bapa) ya sentimita 6 nyuma ya kila kidato. Kimoja kati ya vile vyuma vinne kilishushwa hadi kwenye kidato cha chini yake na kufungwa hapo pia, na hicho ndicho kilichoondoa mtikisiko wa ncha za nje. Kabla ya hapo ukisimama ukingoni ulihisi kidato kinanesa; baada ya hapo vidato vyote vilishikana.

Kuhusu kutu tulikosana. Kwa kuwa ngazi sasa ilikuwa vipande, ilikuwa inawezekana kuvipeleka vikachovywe kwenye zinki iliyoyeyuka, kinga imara kuliko rangi peke yake kwa chuma kinachopigwa na upepo wa bahari. Mwenye nyumba alikuwa ameshalipia ngazi moja na nusu, akasema basi. Tukaingia kwenye rangi: kusugua kwa brashi ya waya, rangi ya zinki mikono miwili, kisha rangi ya mafuta juu. Fundi alikuwa amezoea redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na rangi ya mafuta, akaona zinki ni kujionyesha. Wazo lake jingine, kutumia mabomba yaliyokwisha kupakwa zinki kiwandani, lilikuwa zuri kwa bomba la ndani tu. Mahali unapochomelea, zinki inaungua, na moshi wake unamtia fundi homa jioni. Mafundi hunywa maziwa kwa ajili hiyo. Maziwa hayaendi mapafuni. Dawa ni kusugua zinki iondoke kabla ya kuchomelea, na kufanyia kazi mahali penye upepo.

## Kosa la pevingi

Ngazi ilikamilika, watu wakapanda, kila mtu akafurahi. Wiki tatu baadaye mwenye nyumba akatandika pevingi uani, vitofali vya sentimita 6.

Nilijua kwamba pevingi itakuja. Ilikuwa kwenye mazungumzo tangu siku ya kwanza. Lakini zile 288 nilizipima kutoka kwenye ardhi iliyosawazishwa, nikidhani kwamba watachimba kwanza ndipo watandike. Hawakuchimba. Kidato cha kwanza kikabaki na kimo cha sentimita 14.6, vingine vyote 20.6, yaani kile kile nilichokihubiri kwa fundi kwamba kinaangusha watu. Mgeni wa kwanza kushuka usiku alitua kwa kishindo, akaumia kifundo.

Tuling'oa pevingi mbele ya kidato cha kwanza, nusu duara ya mita moja, tukamwaga zege kwenye usawa wa zamani na kuipa mteremko kuelekea mfereji. Kimo kimerudi. Ila wakati wa masika maji yanakaa hapo kwa muda kabla ya kuondoka, na wageni wanavuka kidimbwi ili wapande ngazi.

## Hali baada ya masika mawili

Nilirudi kukagua baada ya misimu miwili ya mvua.

Kichwa hakijagongwa tena. Ngazi haitikisiki, bolti za juu hazijalegea, boriti mpya kavu. Msingi, zege la sentimita 90 kwa 90 lenye nondo, haujatitia ingawa chini ni mchanga.

Kutu imeanza. Haikuanza pale nilipotarajia, kwenye mishono ya kuchomelea. Imeanza kwenye vile viungio vya vipande vya bomba, kwenye washa. Ile njia ya shanga iliyotuokoa wakati wa kusimamisha imeacha mianya 13 myembamba inayovuta maji ya chumvi na kuyashika. Upande unaopigwa na kusi uko vibaya zaidi. Tumeziba mianya kwa juu, tukatoboa tundu dogo chini ya bomba ili maji yaliyokwisha kuingia yatoke, na mwenye nyumba sasa anaimwagia ngazi maji baridi kila wiki kuondoa chumvi. Vingechovywa kwenye zinki, mianya hiyo isingekuwa habari.

Jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria ni viatu. Wageni wa nyumba hii huvua viatu kabla ya kuingia ndani, na mahali pa kwanza wanapofika ni kituo. Nilikuta jozi tisa pale juu, ndala, viatu vya michezo na kimoja kisicho na mwenzake, kwenye sakafu isiyozidi hatua moja, ukingoni mwa shimo la ngazi. Kreti ya viatu imewekwa ndani ya roshani sasa. Mchana jua likiwaka, bamba la kidato halikanyagiki kwa mguu mtupu, kwa hiyo hakuna atakayeviacha chini.

Na mizigo. Mgeni mwenye begi la mgongoni anapanda bila kufikiri. Mwenye sanduku kubwa la magurudumu anaanza kwa kujipenyeza kwenye sentimita 75 kando ya tangi, anavuka kidimbwi, kisha analiinua sanduku mbele ya kifua kwa sababu pembeni halienei, haoni anapokanyaga, na ndani kwenye nguzo ndiko sanduku linakomsukuma, kwenye zile sentimita 19. Baada ya wawili kuteleza, familia imeamua kwamba siku ya kuingia na siku ya kuondoka mizigo inapita ndani, kwa ngazi ya zamani, mbele ya mkeka wa Bibi.

## Uchambuzi

Makosa ya vipimo yanaonekana wazi na yamekwishaelezwa. Yote mawili yana mzizi mmoja: nilishika namba moja nikaiacha nyingine. Kwenye ngazi ya mzunguko kimo cha jumla, kimo cha kidato, nyuzi za mzunguko, ukubwa wa kituo, nafasi ya kichwa na mahali pa kuanzia vimefungwa kamba moja. Atakayekuja na ombi la kubadilisha kimoja, hata awe mzee wa kuheshimiwa, aonyeshwe palepale kingine kitakachokwenda. Bibi angeelewa mara moja. Hatukumwambia, tulimwitikia tu.

Njia ya vipande vya kuvisha naitetea, pamoja na kutu yake. Kwa fundi wa mtaani asiye na mashine ya kukata kwa kompyuta, kuweza kuzungusha na kujaribu kabla ya kufunga kuna thamani kuliko mshono mmoja safi. Lakini njia hiyo na rangi ya brashi haviendani pwani. Anayechagua vipande achague na kuchovya kwenye zinki, aweke fedha hiyo kando tangu mwanzo. Asiyeweza, bora achomelee mshono kamili kuzunguka kila kiungio baada ya kujaribu, ajue kwamba hatavifungua tena.

Kukagua boriti ya zamani kabla ya kuifunga chuma kuliokoa kazi nzima, na ilikuwa bahati zaidi ya mpango. Sikuwa na bisibisi mkononi kwa kusudi hilo.

Kosa kubwa zaidi ni la mwanzo, na halionekani kwenye tepu. Niliuliza nafasi iliyopo ni kiasi gani. Sikuuliza watakaopita watakuwa wamebeba nini. Ngazi ya mzunguko ni njia nzuri ya pili: mtu anashuka kunywa chai, anapanda kuanika taulo, anarudi usiku bila kumwamsha mtu. Kuifanya njia kuu ya wageni wenye masanduku lilikuwa jibu la swali jingine. Kwa kuwa sikuuliza, sikulitazama tangi. Lile jukwaa la matofali lingehamishwa mita tatu, pangepatikana ngazi ya kona, vidato saba, kituo, vidato saba, ikiegemea ukuta wa nyumba. Kuhamisha tangi na mabomba yake kungegharimu chini ya theluthi ya ilichogharimu ngazi kwa mara zote mbili. Nilikwenda kupiga hesabu hiyo baadaye, kwa kujitesa tu.

Usiri wa ndani umepatikana kwa kiasi kikubwa, na mke wa mwenye nyumba ananiambia hiyo peke yake imemridhisha. Mitandio inakaa kichwani siku mbili kwa wiki badala ya saba.

Mara ya mwisho nilipopita pale kuangalia kutu, jukwaa la matofali lilikuwa limebomolewa. Tangi lilipasuka, jipya limewekwa nyuma ya jiko. Bibi alikuwa amekaa kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi, kwenye kivuli cha ngazi, na ungo wake wa mchele.